Acha kujumlisha herufi, fumbo la hesabu liko kwenye vitenzi

Mkuu, weka kalamu chini kwanza. Hilo jedwali ulilolipiga picha ukalituma, A=1, B=2 mpaka Z=26, likunje uliweke mahali usipoliona. Salamu tutapeana baadaye.

Kwa mliorukia moja kwa moja kwenye majibu, mleta uzi amekwama kwenye fumbo hili:

Watoto wangu wote waweza kunikata vipande vilivyo sawa.
Nami naweza kujikata, ila sihesabiwi miongoni mwao.
Wapande mizani wote, nami nipande peke yangu: mizani hailali.
Wa kwanza wetu yuko kabla ya saba, anayemfuata yuko kabla ya thelathini.
Mimi ni nani?

Ameuliza aanzie wapi, asome vitabu gani, kama ni halali kutumia programu ya kompyuta, na mtu anajifunzaje kutunga mafumbo ya namna hii. Maswali mazuri. Lakini katikati yake ametudokeza kwamba ameshaanza: alijumlisha herufi za WATOTO akapata 94, haikumpendeza, akaligeuza neno liwe MTOTO, akapata 83, akaona ni namba tasa, na sasa anaamini jibu liko karibu. Na mdau mmoja hapo juu akampongeza!

Hapo ndipo nilipoacha kazi niliyokuwa nafanya.

Fanya jaribio hili kabla hujanijibu kwa hasira. Chukua neno USIKU, jumlisha kwa jedwali lako: 21, 19, 9, 11, 21. Unapata 81. Sasa chukua ASUBUHI. Unapata 81. Chukua KISU, 60. Chukua UPANGA, 60. Mwenye imani ya herufi akiona hivyo anatetemeka. Lakini hapo hakuna siri: neno la herufi saba haliwezi kuvuka 182, na maneno yenye herufi saba au pungufu ni maelfu. Yatagongana tu, hayana pa kukimbilia. Na ukijipa ruhusa ya kubadilisha umoja na wingi mpaka namba ipendeze, kama ulivyofanya, utapata chochote unachokitaka.

Najua kwa sababu yalinikuta, tena mbele za watu.

Nilikuwa kwenye timu ya mashindano ya chemsha bongo. Tulifika mwisho tukiwa tunaongoza, na fumbo la kufungia lilikuwa hili:

Kila mmoja wetu ana mrithi wake, mmoja tu.
Hakuna wawili kati yetu wenye mrithi mmoja.
Yuko mmoja kati yetu ambaye hakumrithi yeyote.
Mpe huyo siri, na kila anayeijua amwambie mrithi wake: hatabaki hata mmoja asiyeijua.
Sisi ni akina nani?

Soma tena taratibu. Liko wazi kiasi cha kutia aibu. Ila kichwa changu kilikuwa kimeshaharibiwa. Kulikuwa na jamaa anayejiita mtaalamu wa mafumbo, ana darasa la kulipia, na somo lake kuu ni kwamba kila fumbo la hesabu lina "neno kuu", na neno kuu ukilijumlisha herufi linakufungulia mlango. Nililipa ada. Nikanunua na jedwali lake, nikalibandika ukutani. Jedwali lenyewe ni alfabeti, wakuu. Nilinunua alfabeti.

Basi neno kuu likawa MRITHI. 13, 18, 9, 20, 8, 9. Jumla 77. Mngeniona nilivyoruka! Saba na saba! Inasomeka vilevile kutoka kushoto na kutoka kulia! Mstari wa pili unataja "wawili", na hizi hapa saba mbili! Kila nilipogeuka naona ushahidi. Mtu akishapenda namba, dunia nzima inakuwa shahidi wake.

Kwenye timu kulikuwa na binti mmoja, mdogo kuliko sisi wote, hasemi sana. Akasema, "Kaka, mbona hawa hawaishi? Kila mmoja ana mrithi, na mrithi naye ana wake. Si ni kama kuhesabu tu?" Nikamjibu kwa ule upole wa mtu anayejidhani anajua: "Mdogo wangu, hili ni fumbo la mwisho, haliwezi kuwa kuhesabu tu." Akanyamaza. Jibu lilikuwa limeshawekwa mezani, mimi nikalifunika kwa jedwali langu.

Nikasimama nikasema 77, kwa sauti ya mshindi. Mwamuzi hakuniambia nimekosa. Aliniuliza tu, "Na mstari wa nne unasemaje kuhusu 77?" Nikajibu kwamba mstari wa nne ni wa mapambo. Kicheko cha siku ile bado nakisikia nikipita karibu na ukumbi wowote. Kombe lilienda kwa wengine, hilo nilishalimeza. Lakini yule binti hakurudi tena kwenye timu yetu, na hilo halijashuka mpaka leo.

Sasa tazama huo mstari wa "mapambo" ulivyokuwa unafanya kazi. Ukiwa na mstari wa kwanza peke yake, hata saa ya ukutani inatosha: kila namba ina inayoifuata, na baada ya 12 unarudi 1. Mstari wa tatu unaikataa saa, kwa sababu unataka awepo mmoja ambaye hakumrithi yeyote. Haya, anza na 1, nenda 2, nenda 3, halafu rudi 2. Mstari wa pili unakataa: 1 na 3 wote watakuwa na mrithi mmoja. Umebaki na mnyororo usiojirudia, 1, 2, 3, na kuendelea bila kikomo. Umemaliza? Hujamaliza. Uache mnyororo huo ulivyo, kisha pembeni weka wageni wawili wanaorithiana wao kwa wao, huyu mrithi wa yule na yule mrithi wa huyu. Kagua mistari mitatu ya kwanza: yote imetimia, na wageni bado wamo ndani! Ni mstari wa nne ndio unaowatoa. Siri iliyoanzia kwa yule wa kwanza inapita kwa warithi wote wa mnyororo, na hao wawili haiwafikii kamwe. Kwa hiyo si wa ukoo huo.

Wanaobaki ni namba za kuhesabia, basi. Kuhesabu tu, kama alivyosema binti. Na mistari hiyo ni masharti aliyoyachapisha Mwitaliano Giuseppe Peano mwaka 1889, mwaka mmoja baada ya Mjerumani Richard Dedekind kuchapisha mawazo ya aina hiyohiyo. Mstari wa nne una jina lake kabisa, ni induksheni: thibitisha kwa wa kwanza, thibitisha kwamba jambo likiwa kweli kwa mmoja ni kweli kwa anayemfuata, na umewamaliza wote. Hiyo ndiyo iliyokuwa "pambo" langu.

Nilimrudia yule mtaalamu. Akalitazama fumbo, akakuna kidevu, akasema kosa langu ni kuanza na A=1, kwamba kwa fumbo hili A ilipaswa iwe 0. Nikahesabu palepale, ikaja 71. "Umeona? Namba tasa," akasema. Nikamuuliza 71 inahusiana vipi na warithi. Akanijibu kwamba hilo ni somo la ngazi ya pili, na lina ada yake. Mungu amlipe anavyostahili, mimi nilishamlipa vya kutosha.

Ufunguo wa jamaa ulifungua kila mlango, hata ambako hakuna nyumba. Kila jibu ukimpelekea ana njia ya kulifanya liwe sahihi. Ndiyo maana nikaishia na kanuni moja tu, na ndiyo ninayoipigia kelele humu kila mara mpaka mmeshaanza kunitania: FUNIKA NOMINO, SOMA VITENZI. Kwenye fumbo la hesabu nomino ni nguo tu. Leo ni watoto, kesho ni warithi, keshokutwa ni milango na vyumba. Hesabu yenyewe iko kwenye kinachotendeka (kukata, kurithi, kulingana, kurudi) na kwenye yale maneno madogo tunayoyaruka: kila, wote, hakuna, mmoja tu, isipokuwa, kabla ya. Halafu kila mstari uulize unamfukuza nani. Mstari ambao haujamfukuza mtu, ujue bado hujauelewa.

Tatizo ni kwamba vitendawili tulivyokulia vimetuzoesha vingine. Nyumba yangu haina mlango, jibu yai. Pale unatafuta kitu kinachofanana na nyumba, na kufanana kunatosha. Huku kufanana hakutoshi, tena mara nyingi ndiko kunakopoteza. Mtungaji mzuri anachagua kwa makusudi nomino inayokupeleka mbali.

Turudi kwenye lako. Funika "watoto". Kinabaki nini? Kuna vitu vinavyonikata vipande sawa. Kukata vipande sawa ni kugawa bila baki, kwa hiyo "watoto" ni vigawo. Mstari wa pili: nami najikata, maana kila namba inajigawa yenyewe, ila nimeachwa nje ya hesabu. Wangapi wanauruka mstari huu! Ukiuruka, wa tatu hautatimia kamwe, kwa sababu upande wa watoto utakuwa na wewe mwenyewe pamoja na wengine, na lazima uelemee. Mstari wa tatu: wapande wote, mizani hailali. Jumla yao ni sawa na mimi.

Sasa fukuza watu. Hiyo namba tasa yako ndiyo wa kwanza kutoka: namba tasa ina mtoto mmoja tu hapa, 1, na mizani inaanguka upande wake kwa kishindo. 8 ina 1, 2 na 4, jumla 7, imekosa kwa moja, inauma lakini imekosa. 12 ina 1, 2, 3, 4 na 6, jumla 16, watoto wamemzidi mzazi. 6 ina 1, 2 na 3. Jumla 6. Mizani imetulia, na iko kabla ya saba. Endelea kwa mkono, usivivie, mpaka 28: 1, 2, 4, 7 na 14. Jumla 28. Kati ya 6 na 28 hakuna nyingine, na mstari wa nne umetimia. Hizo zinaitwa namba kamilifu. Zinazofuata ni 496, kisha 8128, na zaidi ya miaka 2000 iliyopita Mgiriki Euclid alishaonyesha njia ya kuzizalisha: zidisha 2 kwa 2 tena na tena upate 4, 8, 16 na kuendelea; ukipata namba tasa iliyo moja tu chini ya mojawapo, kama 7 iliyo moja chini ya 8, izidishe kwa nusu ya hiyo ya juu yake. 7 mara 4, hiyo 28 yako. Mpaka leo hakuna aliyewahi kupata namba kamilifu iliyo witiri, na hakuna aliyethibitisha kwamba haipo. Ona mlango ulivyofunguka, na hatujagusa herufi hata moja.

Najua kuna mtu anakuja na Newton, yule mwanasayansi Mwingereza, kunionyesha kwamba hata wakubwa walificha hesabu kwenye herufi. Njoo tu. Ndiyo, mwaka 1676 Newton alimwandikia mwanahisabati Mjerumani Leibniz, kupitia mtu wa kati aitwaye Oldenburg, na katika barua ile akaficha wazo lake kuu kwa kuorodhesha idadi ya herufi: a sita, c mbili, na kuendelea hivyo. Lakini zile herufi hazikuwekwa ili zifumbuliwe! Ilikuwa muhuri, ili baadaye aweze kusema nilijua kabla yako. Ukitaka mfano wa hesabu iliyovalishwa nguo ili mtu aivue, mtazame Tartaglia, mwanahisabati wa Italia. Mwaka 1539 alimpa Mwitaliano mwenzake, Cardano, njia ya kukokotoa milinganyo ya kipeo cha tatu ikiwa ndani ya shairi. Kisichojulikana kinaitwa "kitu" tu, nomino tupu kuliko zote. Kazi yote iko kwenye maelekezo: tafuta mbili zinazotofautiana kwa kiasi fulani, zao lao liwe sawa na kipeo cha tatu cha theluthi ya idadi ya hivyo "vitu". Cardano akayafuata, na mwaka 1545 akaichapisha njia hiyo kitabuni, wakagombana vibaya sana. Hakuna mahali alipojumlisha herufi za jina la mtu.

Kwa hiyo fumbo linalofuata usilete namba hapa. Leta orodha mbili: vitenzi, na maneno madogo. Na mbele ya kila mstari andika ni nani umemfukuza. Ukileta hivyo nitakaa nawe hata usiku kucha. Ukileta jumla ya herufi nakuripoti kwa wasimamizi, na sitanii sana.

Na wewe mdau uliyempongeza kwa 83, kama ni yule mtaalamu amekuja kwa jina jingine, nadai ada yangu.

Uliuliza na nini kingine, vitabu? Waulize hao wengine, mimi nimeandika mpaka simu imepata moto.