Tuwapime presha wenye kuumwa kichwa tu?

SWALI: Mimi ni muuguzi katika zahanati ya kijijini mkoani Morogoro. Tulianza kumpima presha kila mtu mzima anayefika, awe amekuja kwa ugonjwa wowote. Rejesta yetu inaonyesha wengi wana 140/90 kamili, lakini baadhi yao wakirudi baada ya wiki wanakutwa kawaida. Mganga mfawidhi anadhani mashine ni mbovu, na wenzangu wanashauri tuwapime wanaolalamika kuumwa kichwa au kisogo tu, tuache kuwatia watu hofu. Tushike lipi?

JIBU: Ndugu muuguzi, mashine nitaigusa kwa kifupi, kwa sababu kinachonitia wasiwasi zaidi ni ushauri wa wenzako, nao nausikia karibu kila kituo ninachokitembelea.

Mashine ikaguliwe, lakini rejesta iliyojaa 140/90 inaeleza zaidi habari za mpimaji. Mashine ya kielektroniki hutoa namba kama 137/86 au 143/91. Ile ya mshale imegawanywa kwa milimita 2 za zebaki, kwa hiyo namba inayoishia na sifuri ingepaswa kuonekana takriban mara moja katika kila vipimo vitano. Zikionekana karibu zote, kuna mtu anayekadiria. Hao waliorudi wakiwa kawaida wala si ushahidi wa ubovu. Mama aliyetembea kwa miguu kutoka kitongoji cha mbali, akapimwa pale pale mapokezi huku akijieleza, mkanda wa mashine ukiwa umefungwa juu ya mkono wa gauni, lazima namba yake ipande. Hamisheni meza ya kupimia, iwe baada ya benchi ambapo mgonjwa amekwisha kupumzika dakika 5, mpime mara mbili mkiachanisha kwa dakika moja, na ombeni mkanda mpana kwa ajili ya wenye mikono minene, kwani mkanda mdogo hupandisha kipimo. Anayekutwa na 140/90 au zaidi aandikiwe tarehe ya kurudi kabla hajaitwa mgonjwa wa presha. Kurudia huko ndiko uchunguzi wenyewe.

Sasa hilo la kichwa. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu wazima bilioni 1.28, wenye umri wa miaka 30 hadi 79, wana shinikizo la juu la damu, na kwamba karibu nusu yao hawajui. Wangejuaje, ikiwa wengi wao hawasikii chochote? Kuwasubiri waumwe kichwa ni kuwachagua wenye malaria, wenye kukosa usingizi na wenye macho yanayohitaji miwani, ambao maumivu yenyewe yanaweza kuwapandishia namba kwa muda, na kumwacha mkulima mwenye 170/100 aliyekuja kufungwa kidonda cha jembe arudi shambani bila kuguswa. Huyo mtaonana naye siku atakapoletwa amepooza upande mmoja, au figo zikiwa zimekwisha kuharibika.

Yapo mazingira ambamo dalili ni jambo zito. Mjamzito mwenye presha ya juu na kichwa kikali au macho yenye kiwi apewe rufaa siku hiyo hiyo, na vivyo hivyo mtu mwenye 180/120 anayeumwa kifua au aliyelegea mdomo. Hizo ni dharura, na dharura haziwezi kuwa kipimo cha nani apimwe.

Imani hii ya kichwa ina gharama nyingine ambayo haiandikwi kwenye rejesta: ndiyo mtaji wa wauzaji wa stendi na minadani. Anafika mtu na kipaza sauti na mashine ya kifundo cha mkono, anawapima watu bure, wamesimama juani, na kila mmoja anaambiwa presha yake iko juu. Chupa ya kumaliza ugonjwa iko mezani pale pale. Mgonjwa anakunywa, kichwa kinapoa kama ambavyo kingepoa kwa maji na kivuli, naye anahitimisha kwamba amepona na kuziacha dawa za hospitali. Sina ugomvi na kitunguu saumu katika mboga wala na juisi ya rozela. Ugomvi wangu ni na anayemwambia mwenye 180/110 aache vidonge atumie hivyo badala yake, na pia na mtoa huduma mwenye cheti anayemwambia mgonjwa kuwa presha imeshuka, hivyo asimamishe dawa, wakati imeshushwa na dawa hizo hizo.

Kwa hiyo endeleeni kumpima kila mtu mzima, na mkikuta namba ya juu muulizeni anatumia nini kingine, bila kumkaripia, kwa kuwa aliyekaripiwa huificha chupa. Mwulizeni hasa kuhusu diklofenaki, dawa ya maumivu ya mgongo anayojinunulia dukani: hupandisha presha na kuumiza figo, na wengi hawaitaji kwa sababu hawaihesabu kuwa dawa ya ugonjwa wowote.