FOB, CIF, BL na demareji: hasara inakuwa ya nani, na kuanzia wapi

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kwa nini muuzaji wa Japani anasema gari limeshatoka mikononi mwake wakati umelipa CIF (bei yenye nauli na bima ndani) hadi Dar es Salaam, na kwa nini ankara ya kontena la shemeji yako ina demareji na ditensheni, tozo mbili za kuchelewesha kontena, kwa mpigo. Nimekaa sana kwenye kazi ya kutoa mizigo bandarini Dar, na haya ndiyo yanayogombanisha wateja na mawakala kila leo.

Kwenye la kwanza, muuzaji yuko sahihi, hata kama inauma. FOB Yokohama maana yake bei inaishia gari likishapakiwa melini kule; nauli na bima utajijua. Kwenye CIF, yeye ndiye analipa nauli na bima mpaka Dar. Hapo wengi wanahitimisha kwamba gari ni jukumu lake hadi meli itie nanga. Sivyo. Kwa zote mbili, hatari inahamia kwako gari likishaingia melini, pale pale Yokohama. Likipata balaa baharini, anayehangaika na kampuni ya bima ni wewe. Na bima anayolazimika kukukatia chini ya CIF ni ile ya chini kabisa, daraja C: inalipa meli ikizama, ikiungua au ikikwama mwambani, ila redio na taa zikinyofolewa njiani hailipi. Omba daraja A, bima pana zaidi, kabla hujatuma hela, baada ya hapo hakuna atakayekusikiliza. Halafu usidhani FOB inakupunguzia ushuru. TRA, mamlaka ya mapato, wanakokotoa kwa thamani ya CIF vyovyote utakavyonunua.

BL, hati ya mzigo inayotolewa na mwenye meli, watu wanaiona kama risiti tu. Risiti ni kweli, lakini pia ni ushahidi wa mkataba na mwenye meli, na ikiwa ya "kwa amri ya" fulani, basi aliyeshika nakala halisi ndiye mwenye haki ya kudai mzigo. Kwa kawaida nakala halisi hutolewa tatu, na moja ikishatumika kuchukulia mzigo, zilizobaki hazina kazi. Ndiyo sababu muuzaji anazing'ang'ania hadi umalizie malipo. Soma pia pale penye maelezo ya mzigo: kwenye kontena karibu kila mara utakuta maneno yenye maana ya "inasemekana mna". Mwenye meli hakulifungua, ameandika alichoambiwa. Ukikuta mawe badala ya vigae na sili haijakatwa, kesi yako ni na aliyepakia.

Sasa demareji. Kontena si lako, umeazimwa na kampuni ya meli kwa siku kadhaa za bure. Zikipita mzigo ukiwa bado bandarini au bandari kavu, hiyo ni demareji. Ukishalitoa ukachelewa kulirudisha tupu, ni ditensheni. Kwa hiyo shemeji yako hajatozwa mara mbili kwa kosa moja. Amechelewa kutoa, kisha akachelewa kurudisha. Storeji, yaani tozo ya kuhifadhi mzigo, ni kitu cha tatu kabisa, hiyo ni ya mwenye eneo na haiendi kwa kampuni ya meli. Wenye mizigo ya Lubumbashi au Kigali ndio wanaoumia zaidi na ditensheni, maana kontena linasafiri mbali kwenda na kurudi. Siku za ziada zinaombwa kabla ya kupakia, wakati muuzaji anatafuta nafasi melini. Kontena likishafika Dar, mnabaki kubembelezana tu.

Kuna na hili ambalo hukuuliza: hasara ya pamoja, kwenye barua huandikwa GA (general average). Meli ya Ever Given ilipokwama kwenye Mfereji wa Suez Machi 2021, mwenye meli aliitangaza, na wote wenye mzigo mle ndani wakatakiwa kuchangia gharama za kuiokoa, hata ambao kontena zao hazikupata mkwaruzo. Mwenye bima, kampuni yake inatoa dhamana. Asiye na bima anaweka fedha taslimu kwanza ndipo aachiwe mzigo. Hata daraja C inalipa hilo, kwa hiyo wewe wa CIF upo salama upande huo. Wa FOB ajikatie yake.

Weka hapa picha ya cheti chako cha bima, ufute majina na namba. Nitakuonyesha palipoandikwa daraja.