Jibu: Utafiti wa fizikia bila maabara kubwa

Mwalimu, umeuliza kama wanafunzi wa diploma hapa Mombasa wanaweza kufanya utafiti wa kweli wa fizikia ilhali chuo hakina vifaa. Wanaweza, tena vizuri. Anza na bahari.

Wapeleke kwenye gati la hori ya Tudor (mkono wa bahari ulioingia nchi kavu), wafunge ubao wenye alama za sentimita kwenye nguzo, wasome kimo cha maji kila nusu saa kwa zamu, kutoka bamvua moja (siku ambazo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida) hadi nyingine. (Usiku wawe wawili wawili, na jaketi za kuokolea.) Wataona maji yakichelewa kujaa kwa takriban dakika 50 kila siku, na tofauti ya kujaa na kupwa ikipita mita 3 wakati wa bamvua, kisha ikipungua sana maji mafu yakiingia.

Hapo ndipo fizikia inaponoga. Wimbi la mwezi, yaani kujaa na kupwa kunakoletwa na mvuto wa mwezi, lina kipindi cha saa 12 na dakika 25. La jua, saa 12 kamili. Wayajumlishe kwenye kompyuta: yanapatana kila baada ya siku 14.8 hivi, na ndiyo bamvua yenyewe ambayo wavuvi wetu wanaijua tangu utotoni.

Makosa ya kipimo usiyaruke. Boti ikipita na ubao ukarushiwa maji, unasoma wapi? Mimi swali hilo ningelitengea kipindi kizima cha darasa.

Mwishowe walinganishe na jedwali la kujaa na kupwa kwa maji la bandari ya Kilindini. Wakitofautiana nalo, usiwape jibu upesi. Waache watafute sababu wenyewe.