Mkanda wa sumaku haupashi uvimbe moto

SWALI: Daktari, mama yangu ana saratani ya titi na ameshapata dripu tatu za kemo pale Mulago. Kuna muuzaji hapa Bombo anasema tusimamishe kemo kwanza, mama ameze vidonge vya "nano chuma" na avae mkanda wa sumaku kifuani. Eti chuma kinaenda chenyewe kwenye uvimbe, sumaku inakipasha moto, uvimbe unakufa bila nywele kudondoka. Anataka shilingi laki tisa. Ametuonyesha utafiti kwenye simu, na unaonekana wa kweli. Tujaribu?

JIBU: Hapana, binti yangu, na mama asikose hata tarehe moja ya kemo.

Utafiti huenda ni wa kweli kabisa. Mwongo ni mkanda. Makopo ya namna hiyo nimeletewa mengi hapa famasia, na kila mara hadithi ni hiyo hiyo: sumaku inapasha chuma moto. Nenda kwa fundi wa kuchomelea, omba unga wa chuma, umwage kwenye karatasi, kisha pitisha sumaku ya spika kuu kuu chini yake. Unga utasimama kama manyoya ya paka aliyeona mbwa. Uguse: baridi. Rudi kesho uuguse tena: baridi vile vile. Sumaku iliyotulia huvuta tu. Ili chembe nano, yaani chembe ndogo mno, za oksaidi ya chuma zitoe joto, lazima nguvu ya sumaku igeuzwe huku na huku takribani mara 100,000 kwa sekunde, na kazi hiyo inataka umeme mwingi na mashine ya kulaza mtu ndani. Haifungwi kifuani kwa zipu.

Ujerumani walifika mbali kwa njia hii, wakapata kibali cha Ulaya mwaka 2010 kwa uvimbe wa ubongo. Chembe zilidungwa ndani ya uvimbe wenyewe, hakuna aliyezimeza. Mgonjwa mwenye meno yaliyozibwa kwa metali ilibidi aondolewe metali hiyo kwanza, isije ikapata moto kinywani. Na pamoja na yote hayo, bado alipigwa mionzi.

Kumeza ndiko kunakonichosha zaidi. Tumboni asidi huzimumunya chembe hizo, na kinachopenya kwenye utumbo ni chuma cha kawaida, kile kile cha mboga ya dodo na maini, kwa bei ya ng'ombe. Hata zikipitishwa kwenye mshipa, nyingi hunaswa na ini na wengu. Wataalamu waliopitia tafiti za wanyama mwaka 2016, za chembe nano za kila aina, walikuta kwamba kwa kawaida kinachofika kwenye uvimbe ni kama 0.7% ya dozi. Huyo wa Bombo chembe zake zinajua njia kuliko za maabara?

Tafiti za namna hii huchanganya joto na kemo, na hilo lina maana yake. Seli ikifika nyuzi 42 hadi 45 hushindwa kujikarabati vizuri, na dawa za kemo kama sisiplatini huiuma zaidi. Chuma nacho, kikikutana na haidrojeni peroksaidi iliyomo kwenye uvimbe, hutoa kemikali kali zinazorarua seli. Sehemu kubwa ya kazi hiyo bado iko kwa panya. Lakini soma tena: joto pamoja na kemo. Aliyekwambia uache kemo ameifuta nusu ya utafiti anaokuonyesha.

Wala usiseme "ni chuma tu, hakidhuru". Mwili hufyonza miligramu 1 hadi 2 kwa siku, na hauna mlango wa kutolea kinachozidi. Hujazana kwenye ini na moyo. Chuma humezwa baada ya kupima damu.

Juzi yalikuwa maji ya alkali, leo nano, kesho watapata neno jingine. Dalili ni moja: dawa inatibu saratani zote, haina madhara, na sharti la kwanza ni kuiacha hospitali. Nimempokea mama aliyekuja na kivimbe cha ukubwa wa harage, akapotea miezi mitano kwa watu hao, akarudi titi limepasuka na shuka ameligeuza bandeji. Pesa alizomaliza kwao zingemlipia nauli ya kemo yote.

Kama kopo mmeshalinunua, mje nalo kliniki siku ya dripu ya nne, na mtaje kila kidonge alichomeza kabla hajatundikiwa dawa.