Panya wa Pemba: waliletwa mara moja?

Waalaikum salaam, sheikh wangu. Unasema panya wote uliowanasa ghala la karafuu Mkoani wamefanana DNA, na unauliza kama Pemba ililetewa panya mara moja tu. Kwanza angalia mitego: ilikuwa ukuta mmoja? Basi huenda umepima mama na wanawe. Halafu DNA uliyopima ni ya mitokondria, vile vijisehemu vya seli vinavyotoa nishati, nayo hurithiwa kwa mama tu. Dume akishuka na jahazi akazaa hapo, wanawe hawatamwonesha. Pima na DNA ya kiini cha seli, inayotoka kwa baba na mama.

Mimi hukata ncha ya mkia nikaitia kwenye alkoholi kali, Wete mbali na Mkoani mbali, kila kichupa na bandari yake. Ongeza Malindi na Tanga, ndiyo ulinganishe. Mifupa ya panya weusi imechimbuliwa Unguja Ukuu, mji wa kale kisiwani Unguja, wageni wa zamani hao. Mara moja tu? Siamini.