Jifunzeni kushuka: kwa miguu kutoka La Verna hadi Assisi

Tangu nirudi, kila Jumapili baada ya misa kuna mtu ananivuta kando pale nje ya kanisa. "Mama, na mimi nataka kwenda kuhiji kwa Mtakatifu Fransisko wa Assisi kwa miguu. Nianzie wapi?" Wengi huuliza nauli, kisha viza. Hayo nitayagusa mbele. Lakini lipo jambo ambalo ningeambiwa mapema, goti langu lingepona: sisi watu wa Malindi tukisikia mlima tunawaza kupanda tu. Mimi nawaambia jifunzeni kushuka.

Njia yenyewe Waitaliano wanaiita Via di Francesco. Si ile njia ya hija ya Santiago, Uhispania, ambayo siku hizi kila mtu ameisikia. Hii inapita katika milima ya Apennini katikati ya Italia, na ukiifuata yote inakufikisha Roma. Mimi na mwenzangu wa kwaya tulitembea kipande cha kaskazini, kutoka mlima wa La Verna, mkoa wa Toscana, hadi Assisi, mkoa wa Umbria. Ni karibu kilomita 190. Tulitumia siku 9 za kutembea na 1 ya kupumzika ambayo hatukuipanga.

Kwa nini tuanzie La Verna? Jimbo letu la Malindi limelelewa na Wakapuchini, watawa wanaomfuata Fransisko. Askofu wetu wa kwanza, Francis Baldacchino, alikuwa Mkapuchini kutoka Malta, na aliyemfuata, Emanuel Barbara, vilevile. Fransisko nimemjua tangu katekisimu. La Verna ndiko alikofunga siku 40 mwaka 1224, miaka miwili kabla ya kufa, akapokea Madonda Matakatifu, yaani majeraha kama ya Kristo, mikononi, miguuni na ubavuni. Mlima ule alikuwa amepewa mwaka 1213 na bwana mmoja wa Chiusi aliyeitwa Orlando. Na alipouaga mwaka ule wa madonda, miguu haikuweza kukanyaga, ikabidi apandishwe punda. Hadithi hiyo nimeisikia tangu utotoni, lakini sikuwahi kuiwaza kama habari ya miguu. Kutoka La Verna kwenda Assisi ni safari ya mtu anayeteremka na maumivu.

Kituo cha hija chenyewe kiko kwenye mita 1,128. Fika mapema, usifike na kulala tu. Saa tisa alasiri watawa wanaandamana wakiimba hadi kanisa dogo la Madonda, na mahujaji tunafuata nyuma. Nenda pia Sasso Spicco, lile jabali lililoning'inia ambapo Fransisko alikuwa akisali. Ukisimama chini yake unahisi baridi ya jiwe kwenye utosi. Mwezi wa tano nilivaa sweta mbili.

Sasa siku ya kwanza. Kutoka La Verna njia inapanda kidogo hadi Monte Calvano, zaidi ya mita 1,200, mlima wenye kichwa cha nyasi, upepo mtupu, na macho yanaona mbali kama ukiwa baharini. Nilipanda nikiimba. Mimi ni mpishi, nasimama jikoni saa kumi na mbili kwa siku, nikajiambia miguu ninayo. Halafu mteremko ukaanza, na haukuisha. Mji wa Pieve Santo Stefano uko kwenye mita 430 hivi. Yaani unashuka takriban mita 800 asubuhi moja, juu ya mawe yanayobiringika na majani yaliyolowa. Nusu ya njia goti la kulia likaanza kuniuma ndani, chini ya pia. Kucha za vidole gumba zikawa zinagonga mbele ya kiatu kila hatua. Nilifika mjini nikishika kuta.

Mwenzangu ni Mtaita, mzaliwa wa Wundanyi. Alinitazama kutoka nyuma muda mrefu bila neno, kisha akasema, "Shoga, wewe unashuka kama mtu anayekimbizwa na gari. Hebu jifanye una ndoo ya maji kichwani."

Hilo ndilo somo zima, nami naliandika kama alivyonifundisha. Aliyebeba ndoo hapigi hatua ndefu. Hakanyagi kwa kisigino, anatua na unyayo mzima. Magoti hayakakamai, yanalegea kidogo. Mgongo hauegemei nyuma. Pakiwa pakali sana hashuki wima, anakata mshazari, kulia kidogo, kushoto kidogo, kama kijia cha mbuzi. Na fimbo inatangulia: ichomeke chini mbele yako kwanza, uiwekee uzito, ndipo mguu ufuate. Mimi fimbo nilikuwa naiburuta pembeni kama bakora ya kwendea harusini. Kesho yake nilifanya mazoezi taratibu kwenye ngazi za nyumba ya mahujaji.

Ndiyo ile siku 1 ya kupumzika. Mfamasia alinifunga bandeji ya kubana, akanikataza kuendelea na njia kwa saa 24. Nisingeumia nisingeijua Pieve. Mji huu Wajerumani waliubomoa kwa mabomu mwaka 1944 walipokuwa wakirudi nyuma, na leo umekuwa ghala la kumbukumbu za watu wa kawaida. Tangu mwaka 1984 kuna hifadhi ya shajara na barua kutoka kila pembe ya Italia. Mle ndani kuna shuka la kitanda. Mama mmoja mkulima, Clelia Marchi, alipofiwa na mumewe alichukua shuka lao akaandika maisha yake yote juu yake, mstari baada ya mstari, kutoka ukingo hadi ukingo. Nilikuwa nimejifunga leso yangu, nayo ina maneno yaliyoandikwa, nikasimama mbele ya shuka lile machozi yananitoka. Kama mnapanga safari, tengeni nusu siku kwa ajili ya Pieve hata kama magoti ni mazima.

Mazoezi mtafanyia wapi, na Malindi ni tambarare tupu? Mimi kwa miezi minne nilitembea ufukweni hadi mdomo wa Sabaki na kurudi, asubuhi kabla jua halijawa kali. Mchanga unakaza vifundo vya miguu na pumzi, nashukuru, lakini goti haulifundishi chochote. Ningeanza upya ningefanya hivi: ningekwenda Marafa, pale kwenye korongo la Nyari, nikalipa kiingilio, nikateremka bondeni na kupanda, tena na tena, begi likiwa mgongoni na uzito uleule nitakaoondoka nao. Mwezi mmoja kabla ya safari ningekwenda Taita kwa siku mbili tatu. Mlima Vuria una mita 2,208, juu kuliko kilima chochote tulichokanyaga kule. Siku ambazo huendi kokote, tafuta jengo la ghorofa tatu au nne. Ngazi zipo. Panda utakavyo, lakini kushuka hesabu hatua.

Viatu vinunue namba moja zaidi ya yako, ujaribu jioni mguu ukiwa umevimba, na uvivae miezi miwili kabla. Unapoanza kushuka, simama, kaza kamba upande wa kifundo ili mguu usiteleze mbele. Kata kucha. Mimi nilipoteza mbili. Ukihisi joto mahali pamoja kwenye unyayo, usiseme nitafika kwanza. Vua kiatu palepale, kausha, bandika plasta, badili soksi. Lengelenge linaanza kama joto.

Begi langu lilikuwa na kilo 11. Nilirudisha vitu vya kilo 3 kwa posta nikiwa Sansepolcro na sikuvikumbuka hata kimoja. Kitu ambacho sitakiacha kamwe ni leso, doti nzima. Kipande kimoja ni taulo, shuka, mtandio wa kanisani. Cha pili nilikifunga kiunoni chini ya mkanda wa begi usinichubue, na usiku kikawa mto. Vitambaa vya kisasa vya wasafiri vinakauka haraka kweli, lakini leso nayo haikawii, na inakupa harufu ya nyumbani.

Njia imewekewa alama, za njano na buluu hasa ukiingia Umbria, na nyekundu na nyeupe za njia za milimani. Penye njia panda usipoona alama ndani ya dakika kumi, rudi ulipoiona ya mwisho. Maji: bomba lenye maandishi "non potabile" usinywe. Siku ya kuogopa ni ile ya kutoka Città di Castello hadi Pietralunga, karibu kilomita 30 za vilima na misitu, na mchana kutwa usitegemee duka. Beba chakula tangu asubuhi. Sisi tulibeba torta al testo, mkate bapa wa Umbria unaookwa juu ya sahani ya moto. Mpishi ndani yangu alifurahi mno: ni ndugu wa chapati, mnene zaidi, na ukitiwa mboga na jibini unakubeba hadi jioni.

Kutoka Pietralunga unafika Gubbio, mji wa mawe uliojengwa kama ngazi, ambako wanasimulia Fransisko alivyopatana na mbwa mwitu aliyekuwa akiwala watu. Baada ya hapo misitu inarudi. Ni upande huu, alipokuwa ameachana na baba yake na mali yake, Fransisko alipokutana na majambazi wakamtupa shimoni lenye theluji, akatoka akiimba. Tulipita pale mvua inanyesha, tope limeshika viatu, tukaimba na sisi. Sikuumia goti. Kilomita nyingi za kushuka, ndoo yangu kichwani, hata tone halikumwagika.

Kuhusu makaratasi sina mengi. Ombeni viza ya Schengen mapema, ada ni yuro 90 kwa mtu mzima, na bima ya afya isiyopungua yuro 30,000 ni lazima. Kufika La Verna, panda treni hadi Arezzo, nyingine ndogo hadi Bibbiena, kisha basi la Chiusi della Verna. Chukua kitambulisho cha hujaji, credenziale, kigongwe muhuri kila unapolala. Nyumba nyingine za watawa hazina bei, unaacha sadaka. Tafadhali acheni ya heshima, maana ndiyo inayonunua kuni za mahujaji wa kesho. Na kile Kiitaliano chetu cha hoteli za Malindi msikionee haya. Nikisema natoka Malindi, wazee walivuta kiti.

Assisi unaiona kutoka mbali, kisha njia inakushusha bondeni na kukupandisha tena kwa mara ya mwisho. Tuliingia saa nane mchana, tukapokea cheti chetu basilikani. Kaburi la Fransisko haliko juu. Liko chini ya kanisa la chini, na unalifikia kwa ngazi. Watu walikuwa wengi, wananong'ona. Mwenzangu akanishika kiwiko. Nikafunga leso vizuri, nikalegeza magoti, nikatua na unyayo mzima, ngazi moja, kisha nyingine.