Barua kwa mwanangu: bibi kizee wa kwenye tamthilia

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Ujumbe wako niliusoma asubuhi, nikausoma tena baada ya swala ya adhuhuri, na nimeona nikujibu kwa barua ndefu badala ya kukupigia simu, kwa sababu kwenye simu wewe na mimi huishia kuulizana bei za vitu. Umeniuliza kama ukikubali kuigiza bibi wa miaka sabini katika hiyo tamthilia mpya ya televisheni, ilhali wewe mwenyewe hujafika hamsini, utakuwa umejifungia mlango wa kuigiza wanawake wa umri wako. Umeongeza kwamba rafiki zako wanakuambia umedharauliwa. Nitakujibu kwa habari za mwigizaji mmoja wa Australia, maana tangu niliposoma swali lako ni sura yake inayonijia, na ninaamini maisha yake yanakuhusu zaidi ya maneno ya rafiki zako.

Jina lake ni Ruth Cracknell. Umewahi kunisikia nikimtaja, hasa nyakati zile nilipokuwa nikikukosoa kwa kuigiza mno. Alizaliwa Julai 1925 katika mji wa Maitland, jimbo la New South Wales, akakulia Sydney, na kazi ya uigizaji aliianza redioni katika miaka ya 1940, wakati tamthilia za redio ndizo zilizowakusanya watu sebuleni baada ya chakula cha usiku. Televisheni ilianza Australia mwaka 1956, naye alikuwa amekwisha kuvuka miaka thelathini. Mwaka uliofuata akaolewa na Eric Phillips, wakajaliwa watoto watatu, na katika miaka hiyo yote ya kulea hakuacha jukwaa: alicheza katika vichekesho vya nyimbo na michezo mifupi katika ukumbi wa Phillip Street pale Sydney, akacheza tamthilia nzito, akapata nafasi ndogo ndogo katika filamu na televisheni. Alikuwa mrefu, mwembamba, na mwenye sauti ambayo ukiisikia mara moja huichanganyi na ya mtu mwingine. Watu wa sanaa walimjua na kumheshimu, ila nchi nzima ilikuwa bado haijamjua.

Nchi ilimjua Januari 1984, alipokuwa na miaka 58. Shirika la utangazaji la umma, ABC, lilianza kuonyesha mfululizo wa vichekesho ulioandikwa na Geoffrey Atherden, uitwao Mother and Son. Ruth Cracknell alikuwa Maggie Beare, mjane mzee anayepoteza kumbukumbu. Garry McDonald, ambaye tayari alikuwa nyota kwa vichekesho vyake vya miaka ya 1970, aliigiza Arthur, mtoto wa kiume aliyeachana na mkewe na kurudi kuishi na mama yake ili amtunze. Henri Szeps aliigiza Robert, kaka yake, daktari wa meno mwenye fedha na mke, ambaye huja kutembea, husifiwa na mama kwa kila jambo, kisha huondoka bila kuinua hata kikombe. Najua unacheka ukisoma hapa, kwa kuwa katika ukoo wetu Robert tunaye, na jina lake sina haja ya kuliandika.

Nilikuwa Sydney kwa masomo wakati kipindi hicho kilipokuwa kipya, nawe nilikuwa nimekuacha Tanga kwa bibi yako. Sebule ya nyumba niliyopanga ilikuwa na televisheni moja, na mwenye nyumba, mama mtu mzima aliyekuwa mjane, alituita wapangaji wote kila kipindi kilipoanza. Wenzangu walicheka mpaka machozi yakawatoka. Mimi sikucheka. Wiki ile nilikuwa nimepokea barua ya mjomba wako, ile unayoijua, inayoeleza jinsi bibi alivyokwenda nawe soko la Mgandini, akanunua dagaa na nazi, akarudi nyumbani na kapu lake, nawe ukabaki sokoni umekaa juu ya gunia mpaka muuza samaki alipokushika mkono akakuleta. Mjomba aliandika kwa mzaha. Nami nimekaa sebuleni mwa watu, bahari nzima iko kati yangu na wewe, namwangalia mwanamke kwenye kioo akitafuta kitu ambacho amekiweka mwenyewe dakika moja iliyopita, na chumba kizima kinacheka. Nilisimama nikaenda chumbani kwangu.

Mwenye nyumba alinifuata baadaye na kikombe cha chai. Nilimuuliza, kwa ukali ambao kwa kawaida sikuwa nao kwa mtu aliyenizidi umri, inakuwaje watu wazima wakae kumcheka mgonjwa. Alinieleza kwamba mama yake mzazi aliugua vivyo hivyo, kwamba alimtunza peke yake ndani ya nyumba ileile, na kwamba hajawahi kuona televisheni ikiionyesha nyumba yake hata siku moja mpaka alipomwona Maggie Beare. Alisema yeye hamcheki Maggie. Anacheka kwa kujitambua katika Arthur. Sikumkubalia usiku ule. Hata leo kuna saa simkubalii, maana si kila aliyecheka sebuleni pale alikuwa amewahi kumtunza mama yake, na kicheko cha anayejua uchungu si sawa na kicheko cha asiyejua, ingawa masikioni vyote viwili ni kimoja. Lakini kila nikifika hapo namkumbuka alivyocheka yule mama, naona kwamba ile nusu saa ilikuwa inampumzisha, na hoja yangu inapungua nguvu.

Juma lililofuata nilirudi sebuleni, safari hii nikiwa namtazama mwigizaji badala ya mgonjwa, na hapo ndipo nilipoipata imani yangu ambayo umeisikia hata umeichoka: mzee haigizwi kwa mgongo, huigizwa kwa akili. Mtazame Ruth Cracknell. Hakutegemea kuinama wala kutetemesha sauti. Sauti yake ilibaki nyoofu na maneno yake yalitoka kamili, kama ya mwanamke aliyesoma shule nzuri. Uzee aliuweka mahali pengine kabisa, katika kile kimya kifupi kati ya swali la Arthur na jibu la mama. Katika kimya hicho macho yake yalizunguka chumbani yakitafuta wapi pa kushika, kisha yakatulia, na jibu likatoka kwa uhakika wote, likiwa si sahihi hata kidogo. Mara nyingine jibu lilikuwa sahihi mno, nawe mtazamaji hukuweza kuamua kama Maggie amesahau kweli au anasahau pale tu kusahau kunapomfaa. Mama yule alikuwa mjanja. Alijua jinsi ya kumfanya Arthur aone haya, na akili iliyobaki aliitumia yote. Mwigizaji wa kipaji kidogo angechagua moja, ama mgonjwa wa kuhurumiwa ama kizee mkorofi. Yeye alivishika vyote viwili kwa pamoja miaka kumi, katika misimu sita na vipindi 42 tu. Kipindi cha mwisho kilionyeshwa mwaka 1994, mwaka uleule ITV ilipoanza kurusha matangazo Dar es Salaam, kwa hiyo hapa kwetu sikuwa na wa kuzungumza naye habari za Maggie isipokuwa wewe, na wewe ulinisikiliza kwa adabu.

Sasa nikukumbushe harusi ya mjomba. Nilikuwa nimekwisha kurudi kutoka masomoni, na bibi yako alikuwa ananiita kwa jina la dada yangu marehemu. Usiku wa kuamkia harusi, wanawake wamekaa uani wanapepeta mchele, wakamwomba binamu yako mmoja awachekeshe, naye akainama, akashika fimbo, akaburuza miguu, akasema kwa sauti ya kukwaruza. Walicheka kidogo. Kisha ukasimama wewe, mtoto mdogo uliyekuwa umeanza shule juzi, umejifunga kanga ya bibi iliyokuwa inafagia sakafu. Hukuinama. Ulilishika pindo la kanga, ukalifungua fundo, ukazitazama funguo, ukalifunga tena kwa utaratibu, ukapiga hatua mbili, ukasimama, ukageuka ukawauliza wale wanawake wote kwa upole na heshima: nani amezichukua funguo zangu? Uani kulinyamaza, halafu kicheko kikalipuka, na bibi mwenyewe akacheka kuliko wote, akapiga makofi, akaniegemea akaniuliza wewe ni mtoto wa nani.

Swali lake lilinichoma, na bado linanichoma. Lakini uigizaji wako ulinifurahisha kwa furaha ambayo sijawahi kukueleza sawasawa, kwa sababu ulikuwa umeona kile ambacho Ruth Cracknell alikiona, bila kufundishwa na mtu: kwamba mtu anayesahau hajioni kuwa anasahau, bali anauona ulimwengu ndio unaomhamishia vitu. Ulimchukua bibi kwa ndani. Hukumdhihaki, naye alilijua hilo, ndiyo maana akacheka.

Turudi kwenye mlango unaoogopa utafungwa. Ruth Cracknell hakufungiwa, angalau si na waongozaji. Katika miaka ileile ya Maggie aliendelea kupanda jukwaani, na watu walimsifu sana kwa Lady Bracknell, yule bibi wa daraja la juu katika tamthilia ya Oscar Wilde, ambaye hasahau kitu wala hamsamehi mtu. Kutoka kwa Maggie hadi kwa Lady Bracknell ni mbali sana, na mwili uliosafiri umbali huo ulikuwa uleule. Hilo ni upande wako mmoja. Upande wa pili lazima niuseme pia: alipofariki Sydney tarehe 13 Mei 2002, akiwa na miaka 76, wengi wa waliomlilia walimlilia Maggie. Zaidi ya nusu karne ya kazi, redio, jukwaa, filamu, na watu wanashika mwanamke mmoja aliyempata akikaribia miaka sitini. Je, huko ni kufungiwa? Nikiwa na hasira nasema ndiyo. Nikitulia najiuliza ni waigizaji wangapi wanaoacha nyuma hata mtu mmoja wa kubuni ambaye nchi nzima inamlilia. Mwaka 2023 ABC ilikitengeneza kipindi upya, Maggie akiwa Denise Scott, na ni vigumu kuuita mlango uliofungwa uhusika ambao mwanamke mwingine anaingia nao baada ya miaka karibu arobaini.

Kuna jambo moja ambalo hasira yangu haitulii nalo. Tuzo za televisheni za Australia huitwa Logie, na zina daraja la juu la heshima, wanaloliita ukumbi wa watukufu, lililoanzishwa mwaka 1984, mwaka uleule wa Maggie. Mwanamke wa kwanza kuingizwa humo alikuwa Ruth Cracknell, mwaka 2001. Wa pili, Noni Hazlehurst, ambaye watoto wa Australia walikua wakimtazama katika kipindi chao cha Play School, aliingizwa mwaka 2016, naye akalisema hilo mbele ya hadhira bila kuficha. Kwa hiyo rafiki zako wanapokuambia umedharauliwa kwa kupewa bibi, waambie dharau ipo, ila wameitafuta mahali pasipo. Dharau ni kuandika bibi ambaye kazi yake ni kukohoa pembeni na kumwaga chai ili vijana wacheke. Uzee wenyewe hauna dharau yoyote.

Alipokuwa na miaka zaidi ya sabini, mumewe aliugua ghafla wakiwa Venice, mwaka 1998, na hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Aliandika kitabu kuhusu safari hiyo, kikatoka mwaka 2000, na wajane wengi walikishika kama walivyokuwa wamemshika Maggie. Nilikisoma baada ya baba yako kututoka. Sitaandika zaidi hapo.

Unataka niseme kubali au kataa. Sitasema, mwanangu, na kujizuia huku kumenigharimu, kwa maana unanijua nisivyoweza kukaa na jibu mdomoni. Nikisema kubali, ukaitwa bibi na waongozaji wote kwa miaka ishirini ijayo, utanikumbuka vibaya. Nikisema kataa, sitaweza kulisahau lile pindo la kanga. Mzee haigizwi kwa mgongo, huigizwa kwa akili, na akili hiyo unayo tangu mdogo. Lakini mwigizaji hawezi kuigiza akili ambayo mwandishi hakumpa mhusika. Ruth Cracknell alikuwa na Atherden. Wewe una nani, sijui.

Basi kabla hujawajibu, waombe mswada wa vipindi vitatu vya mwanzo, si ule ukurasa mmoja wa maelezo ulionitumia, uangalie mambo mawili: kama bibi huyo anataka kitu chochote kwa ajili yake mwenyewe, na kama kuna mtu humo ndani anayemjibu anapozungumza. Nitumie na mimi nakala. Nitausoma kwa sauti, sehemu zote, kama tulivyokuwa tukifanya wewe ulipokuwa sekondari, na kaka yako akinilalamikia kelele atatoka nje.

Wasalimie wajukuu zangu.

Mama yako